Punje za Uongo

Meneja wa uzalishaji aliweka karatasi mbele yangu Jumatatu saa tatu asubuhi, akaigonga kwa kidole mara mbili. Lilikuwa jedwali la pani kumi na nane zilizopikwa na zamu ya asubuhi kwa wiki tatu. Tisa kati yake alikuwa amezizungushia wino mwekundu.

"Tisa," alisema. "Zamu ya mchana, hakuna hata moja. Chungu kilekile, shira ileile, mvuke uleule. Niambie tofauti iko wapi."

"Mpishi," nilisema, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu la jedwali.

"Basi niandikie hivyo hivyo. Ijumaa saa nne nataka taarifa ya maabara yenye sahihi yako. Nikiipata, Jicho anaondoka kwenye pani, anakwenda kufunga magunia."

Jicho ni mjomba wangu, kaka yake mama. Amepika sukari katika kiwanda hiki miaka thelathini na mmoja, na jina hilo alipewa na waliomtangulia. Mimi ndiye mkemia wa maabara. Kiwandani wananiita Maabara, kama vile mtu angeitwa Jiko au Stoo.

Kwa asiyewahi kuiona, pani ni chungu cha chuma chenye urefu wa nyumba, kinachofyonzwa hewa ili shira ichemke bila kuungua. Tunaita pani chungu chenyewe, na pia mpiko mmoja wa ndani yake. Shira hukolea hadi ikabeba sukari nyingi kuliko inavyostahili kubeba. Hapo huwa katika hali ya ajabu: iko wazi, haina hata chembe, lakini iko tayari. Haiwezi kuanza kuganda yenyewe, inangoja kitu cha kushikia. Mpishi huitia mbegu, yaani sukari iliyosagwa laini kama poda na kuchanganywa na spiriti, kiasi kisichojaza chupa ya chai. Kila chembe ya mbegu hujivika sukari na kukua, na baada ya saa moja na nusu hivi unapata punje zinazolingana.

Ukichelewa, shira huvuka mpaka na kulipuka yenyewe. Zinazaliwa punje ndogo ndogo mamilioni ambazo hakuna aliyeziagiza. Tunaziita punje za uongo. Ni sukari kama sukari nyingine, ukizionja huwezi kuzitofautisha. Lakini huziba vichungi vya mashine ya kuzungusha, na kinachotoka ni kitu cha kahawia, kibichi, kama mchanga baada ya mvua.

Nafasi ya kutia mbegu huwa kama dakika nne. Kipimo changu maabara huchukua dakika kumi. Kwa hiyo kazi hiyo hufanywa kwa jicho. Mpishi huingiza fimbo ya shaba yenye kijishimo ubavuni, anaizungusha, anaitoa na shira ya kijiko kimoja, anaipaka kwenye kipande cha kioo na kukiinua mbele ya taa. Anachokiona hapo sijawahi kukiona mimi, na nimejaribu.

Kwa hiyo maelezo ya meneja yalikuwa mazuri. Mzee ana miaka hamsini na tisa, kazi yake inategemea macho, kazi imeharibika. Nilichukua kalamu siku hiyo hiyo. Sikuandika, kwa sababu moja ndogo: sikuwa nimekwenda kuangalia.

Nilipanda kwenye jukwaa la pani saa nane, wakati zamu zinapopishana. Kiongozi wa zamu ya mchana tunamwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Alifundishwa kazi na mjomba kwa miaka kumi na moja.

"Maabara! Umepotea njia? Huku kuna joto, utayeyuka."

"Nimekuja kuona mnavyopika."

"Umekuja kwa ajili ya mzee." Alipunguza sauti, jambo ambalo kwake ni kuongea kama watu wengine. "Dada yangu, kila mtu anajua. Jicho amepata mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mtoto wa jicho!" Akacheka peke yake, kisha akaona haya. "Siyo kwamba nafurahi. Yule ni mwalimu wangu. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Siipendi methali hiyo. Inamruhusu msemaji kuwa sahihi kwa vyovyote vile. Nikamuuliza nani alilisema kwanza.

"Mimi nilisikia kwa dereva wa mashine ya kuzungusha."

Dereva wa mashine alisema alisikia kwa mpima magunia. Mpima magunia, mama mmoja mnene mwenye heshima zake, alinitazama kama mtu anayetegwa.

"Si wewe ulisema, mwanangu?"

"Mimi?"

"Pale kwenye chumba cha chakula. Mzee alimimina chai pembeni ya kikombe. Ukamwambia, 'Mjomba, hata kikombe hukioni?' Tukacheka wote. Tangu siku ile tukaanza kumwangalia."

Sikumbuki kusema hivyo. Nilirudi kwa dereva wa mashine, naye sasa akasema labda alimsikia fundi wa mvuke kabla ya hapo, au siku ile ile, hana uhakika. Nilikaa ofisini kwangu nikiwa na chanzo kimoja na nusu. Nikajaribu kufikiri kama mkemia. Kila mtu kiwandani alikuwa na shaka kidogo iliyoyeyuka ndani yake: mzee anakunja uso akisoma, mzee anapanda ngazi polepole, pani mbili mfululizo zimeharibika. Shaka za namna hiyo zinaweza kukaa miaka bila kuwa kitu. Kisha mtu anadondosha sentensi moja, na kufikia jioni zote zimeishikilia, zina pembe na umbo, na unaweza kuzihesabu. Jambo lililonichanganya ni kwamba hata nami nilikuwa mmoja wao. Nilipomjibu meneja "Mpishi", sikuwa nimefikiri. Jibu lilikuwa limeshaganda.

Jumanne nilimpeleka mjomba kwa nesi wa zahanati. Hakubisha. Alisoma herufi za ukutani kwa jicho la kulia hadi mstari wa mwisho. Kwa la kushoto aliishia wa nne.

"Utando unaanza," nesi aliniambia, akaandika kwenye karatasi. "Mtoto wa jicho, hatua ya mwanzo. La kulia ni zima kabisa."

"Anatumia jicho gani kutazama kioo?" nilimuuliza mjomba tulipotoka.

"Yote mawili. Kwani wewe una la akiba?"

Kwa hiyo Redio alikuwa sahihi bila kujua lolote. Hilo nalo lilikuwa jambo la kweli, na nililiheshimu. Lakini la kushoto peke yake halikutosha kueleza pani tisa, na halikueleza kwa nini nyingine tisa zilikuwa nzuri. Utando hauendi na kurudi.

Jumatano nilisimama kwenye pani zamu zote mbili, na daftari. Asubuhi mjomba alitoa fimbo, akapaka kioo, kisha akaifuta fimbo kwa kitambaa kikavu, taratibu, kama mtu anayefuta kisu cha mgeni. Mchana Redio alitoa fimbo, akapaka kioo, akaichovya fimbo kwenye ndoo ya maji ya moto.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Naosha fimbo."

"Agizo linasema kitambaa kikavu."

"Agizo gani? Lile la ukutani?" Alilitazama kwa mbali. "Maabara, ukutani hapo kuna kalenda ya mwaka juzi pia."

Agizo lilikuwa langu. Nililibandika tarehe mbili ya mwezi uliopita. Fimbo zenye maji zilikuwa zinazimua sampuli zangu na kunipa vipimo vinavyoyumba, nami nikaandika, kwa herufi kubwa, kwamba fimbo ifutwe kwa kitambaa kikavu na isiguse maji. Sikuwaza kwamba kitambaa hakiwezi kufika ndani ya kile kijishimo. Shira inayobaki mle inakauka. Ikikauka inakuwa sukari. Fimbo ikirudi ndani ya pani, inarudi na mbegu ambayo hakuna aliyeiita, kabla ya wakati au baada yake.

Nilishuka ngazi. Nikamkuta mjomba akivua buti.

"Mjomba, kitambaa ulianza kukitumia lini?"

"Siku uliyokuja pale juu ukasoma agizo lako mbele ya watu."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa nachovya majini, kama nilivyofundishwa." Alinitazama kama mtu anayetakiwa kuomba radhi bila kujua kosa lake. "Mpwa wangu amesoma, ameandika, amesimama mbele ya watu. Mimi ndiye niwe wa kwanza kumdharau?"

Daftari langu lilisema nilisoma agizo tarehe kumi na tatu. Pani ya kwanza mbaya ilikuwa ya tarehe kumi na nne. Katika kiwanda kizima mtu mmoja tu alikuwa amenitii, na huyo ndiye tuliyekuwa tunamhamishia kwenye magunia.

Hapo ningependa kusema kwamba kila kitu kilikuwa wazi. Hakikuwa. Alhamisi asubuhi nilichemsha shira kwenye bika kumi na mbili, vile vikombe vya kioo vya maabara. Sita nilizichovya fimbo iliyofutwa kwa kitambaa, sita fimbo iliyooshwa. Katika sita za kwanza, nne ziliota punje. Katika sita za pili, moja iliota pia, bila sababu niliyoweza kuipata. Nne kwa moja ni dalili. Siyo jibu. Bika si pani, na vipunje vya kwenye fimbo ni vichache mno ukilinganisha na shira tani thelathini. Vingeweza kutosha, na vingeweza visitoshe. Nilikuwa na jicho bovu moja, fimbo chafu moja, na utani nisioukumbuka.

Nilimwomba meneja pani moja ya majaribio, mjomba akiwa na ndoo yake ya maji. Alikubali kwa namna ya mtu anayeruhusu sala ya mwisho. "Kesho saa moja. Saa nne ni saa nne."

Jioni, jua likiwa bado juu, nilikwenda nyumbani kwa mjomba kumweleza. Mkewe alinipokea mlangoni akiwa na ungo mkononi.

"Afadhali umekuja. Ongea naye. Wamemwambia haoni, sasa hata sukari kwenye chai ananiuliza mimi kama imeyeyuka."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Bibi Vipimo. Kaa." Alikuwa amekaa dirishani, mikono magotini. Nilimweleza habari ya fimbo, ya kijishimo, ya tarehe. Nilidhani atakasirika au atafurahi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni fimbo," alisema.

"Inawezekana ni fimbo."

"Na karatasi ya nesi?"

"Nayo ni kweli."

"Sasa nikuambie jambo. Wiki hii nikiinua kioo naziona punje kabla hazijaja. Nikipepesa macho, hazipo. Zikija kweli, nazidhania zile za kwanza. Zamani sikuwa hivyo. Hiyo ni fimbo?"

 Mkewe, bila kugeuka, alisema, "Mwenye macho haambiwi tazama. Huyu ameambiwa na kiwanda kizima."

Ijumaa saa moja tulikuwa wanne juu ya jukwaa: meneja na saa yake, mimi na daftari, mjomba, na Redio ambaye alikuja mapema bila kuitwa, akajifanya anatafuta kofia. Ndoo ya maji ya moto ilikuwa inafuka.

Mjomba alichovya fimbo, akaingiza, akazungusha, akatoa. Kioo, taa. Shira wazi. Akachovya. Mara ya pili, wazi. Mara ya tatu alikishikilia kioo muda mrefu, akakisogeza kushoto, akakisogeza kulia. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona akilifanya. Alinipa kioo.

"Wewe unaona nini?"

Niliinua. Niliona shira ya rangi ya chai iliyokolea, na taa nyuma yake.

"Sijui, mjomba."

"Nitie mbegu au bado?"

"Mimi sijui."

Redio alifungua mdomo. Meneja aliinua mkono, Redio akaufunga mdomo. Mjomba alichukua kioo chake na kukitazama tena, na dakika zikapita. Niliziandika, zilikuwa tatu na nusu. Alipotoa fimbo mara ya nne, kioo kilikuwa na ukungu kama pumzi kwenye dirisha. Zilikuwa punje za uongo, hizo hata mimi niliziona.

"Basi," alisema meneja, akafunga kalamu yake.

Mjomba ama hakumsikia ama hakutaka. Aliikimbilia koki ya maji ya moto, akaifungua nusu mzunguko, kisha akaongeza mvuke. Aliweka kiganja juu ya bomba na kukiacha hapo. Kuanzia hapo hakutazama kioo tena. Alikuwa akitoa tone, analisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, analipangusa, anatoa jingine, macho yake yakiwa kwenye ukuta mtupu. Punje za uongo zilikuwa zinayeyuka. Alikuwa anazisikia zikipungua. Kisha akafunga maji, akaacha shira ikolee upya. Yote yalichukua dakika thelathini na nane.

"Mbegu," alisema.

Redio aliruka kabla ya mtu mwingine kuelewa. "Mbegu tayari, mzee!" Akavuta koki kwa nguvu ya miaka kumi na moja, kisha akamtazama meneja, akarudi kutafuta kofia.

Saa tatu na nusu punje zilikuwa sawasawa, kubwa, kali pembeni. Nilizipima mara mbili.

Meneja alinifuata maabara. "Haya. Anaona au haoni?"

Nilijaribu kumjibu vizuri. Nilimwambia kwamba mzee alipitisha wakati, hiyo ni kweli. Aliupitisha kwa kuwa aliniuliza mimi. Aliniuliza kwa kuwa ameambiwa haoni, ameambiwa kwa sababu ya pani, na pani pengine ziliharibiwa na fimbo, na fimbo ni agizo langu. Lakini jicho la kushoto lina utando na lilikuwa nao kabla ya yote hayo. Na leo fimbo ilikuwa safi, punje zikaja. Na ameziyeyusha akipima kwa vidole, jambo ambalo Redio hawezi.

"Hizo ni sababu sita," alisema meneja. "Fomu ina mstari mmoja."

Ulikuwa mstari mmoja kweli, wenye neno *Chanzo* pembeni. Kama mtu angeniletea data hizo kutoka kiwanda kingine, ningeandika: *haijathibitika*. Neno hilo lingekuwa sahihi, na mjomba angekwenda kufunga magunia kabla ya saa sita, kwa kuwa mahali pasipo na chanzo watu huweka kile walicho nacho tayari. Nilishika kalamu. Nikaandika: *Agizo la maabara la tarehe mbili kuhusu kufuta fimbo. Limefutwa.* Nikatia sahihi.

Meneja alisoma. "Una hakika?"

"Ndicho nilichoandika."

"Sikukuuliza hicho." Alikunja fomu. "Atabaki mpaka msimu uishe. Pani ikiharibika sitamwita yeye. Nitakuita wewe."

Nilimkuta mjomba kwenye mabomba ya kunawia, nje. Sabuni ilikuwa imemfika viwiko.

"Umeandika nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Na ni wewe?"

"Kuna uwezekano."

"Uwezekano." Alilirudia kama mtu anayeonja. "Shule yote ile, mama, umetoka na uwezekano." Akacheka, nami nikacheka, na kwa muda ilikuwa kama siku yoyote.

Kisha nikamuuliza. "Ile mara ya tatu, mjomba. Kabla hujanipa kioo. Uliona?"

Alifunga bomba. Alikausha kidole kimoja kimoja.

"Niliona wakati umefika."

"Sasa kwa nini ukaniuliza mimi?"

"Nilitaka kusikia kwa mtu anayeona."

Akaelekea zake kula. Nilirudi maabara. Fomu ilikuwa mezani kwa meneja, sentensi yangu moja ndani yake, na saa nne ilikuwa haijafika. Ningeweza kwenda kuongeza ya pili. Nilisimama mlangoni nikiwa na kalamu, nikitafuta sentensi hiyo ya pili ingesema nini.